Moduli ya kerneli isilazimishwe kuingia: kufuli likikosewa, data huharibika

Ndugu Mhariri,

YAH: USHAURI WA KULAZIMISHA MODULI ZA KERNELI

Ukurasa wenu wa teknolojia uliwashauri wenye kompyuta za zamani na seva ndogo za ofisini mambo mawili. Kwanza, wajikompailie (wajijengee kutoka kwenye msimbo) kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi, isiyo na uwezo wa prosesa nyingi ili mashine iwe nyepesi. Pili, draiva, ile programu ya kuendesha kifaa inayopakiwa kwenye kerneli kama moduli, ikigoma kupakiwa, wailazimishe kwa `modprobe --force`. La kwanza ni suala la kupima na kuamua. La pili ni hatari, na mtu akiyafanya yote mawili pamoja anajitengenezea mashine itakayoharibu data bila kusema. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini. Jambo hili ni nadra kuelezwa kwa Kiswahili, nao wanaolihitaji ni wengi: wasimamizi wa seva za hospitali, shule, SACCOS na vituo vya redio, ambao hununuliwa kadi au kifaa kinachokuja na moduli yake kwenye diski.

Tuanze na kufuli. Kwenye prosesa ya viini vinne (vitengo vinne vinavyofanya kazi sambamba), viini vyote vinne vinaweza kuwa ndani ya kerneli kwa wakati mmoja. Kinachozuia viwili visiguse orodha moja kwa pamoja ni kufuli la kuzunguka: kiini kinachokuta limefungwa huzunguka papo hapo mpaka lifunguliwe. Kwenye mashine ya kiini kimoja kufuli hilo halina kazi, maana hakuna kiini kingine cha kungojana nacho. Inatosha kumzuia kipanga ratiba, sehemu ya kerneli inayogawa zamu, asiinyang'anye kazi prosesa katikati ya shughuli, na kuzima vikatizo (ishara za vifaa zinazokatisha kazi) kwa muda pale navyo vinapogusa data hiyo. Ndiyo maana Linux ikikompailiwa bila CONFIG_SMP (chaguo la prosesa nyingi), `spin_lock` hubaki kuwa amri ya kuzuia kunyang'anywa tu, na aina ya data iitwayo `spinlock_t` huwa muundo mtupu wa baiti 0. Ukiwasha CONFIG_SMP kwenye x86 (prosesa za familia ya Intel na AMD), muundo huo huo huwa baiti 4. Ukiongeza CONFIG_DEBUG_SPINLOCK (chaguo la kukagua makufuli) kwenye mashine ya biti 64, unafika baiti 24.

Utangamano unavunjikia hapo. Moduli iliyokwisha kukompailiwa haijui majina ya sehemu za muundo. Inajua umbali wake kwa baiti kutoka mwanzo. Chukua muundo wenye kufuli mwanzoni, kisha kihesabio, kisha kielekezi (anwani) cha bafa, yaani hifadhi ya muda. Moduli iliyokompailiwa kwa kiini kimoja inaamini kihesabio kiko kwenye baiti 0. Kerneli ya viini vingi imekiweka kwenye baiti 4, na kwenye baiti 0 kuna kufuli. Moduli ikiongeza 1 kwenye kihesabio, kwa kweli imeandika juu ya kufuli. Kerneli itaona kufuli limefungwa na mtu asiyekuwepo, au itaona liko wazi wakati kuna kiini kinachofanya kazi ndani. Na si kufuli peke yake. Miundo mingi ya kerneli hutiwa alama `____cacheline_aligned_in_smp`, ambayo huisukuma sehemu fulani hadi mwanzo wa mstari wa kache (kipande cha kumbukumbu ya haraka ya prosesa), kwa kawaida baiti 64, lakini kwa kerneli ya SMP tu. Kuna pia CONFIG_NR_CPUS, idadi ya juu ya viini ambayo kerneli imeandaliwa kuihudumia: ramani ya viini hutumia biti moja kwa kila kiini, kwa hiyo kerneli ya viini 64 huweka baiti 8 pale ambapo kerneli ya viini 8192 huweka baiti 1024. Ramani hiyo ikiwa katikati ya muundo, kila kitu kilicho chini yake kimehama.

Hata pale ambapo umbali umelingana kwa bahati, bado moduli ya kiini kimoja haifungi. Ni kama mtu aliyezoea kuishi peke yake, asiyefunga komeo la bafu. Mhamishie kwenye nyumba ya wapangaji na hatabadilika, kwa sababu katika msimbo wake komeo halimo kabisa. Kifaa kitafanya kazi. Kitapita majaribio ya mchana mmoja. Kisha siku mzigo utakapopanda, viini viwili vitaondoa kipengele kimoja kwenye orodha kwa wakati mmoja, kielekezi kitabaki kikielekea kwenye kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, na kosa litajitokeza mahali pengine: kwenye mfumo wa faili, au kwenye programu ya hesabu isiyohusiana na kadi ile. Atakayechunguza ataanza kulaumu diski.

Waandishi wa Linux waliliona tatizo hili mapema, wakaweka mlinzi. Katika kerneli za 2.4, majina ya funksheni zilizotolewa kwa moduli yalibandikwa kiambishi `_Rsmp_` pale kerneli ilipokuwa ya prosesa nyingi, hivyo moduli ya upande mwingine haikulikuta jina ililolitafuta. Kuanzia 2.6 kazi hiyo inafanywa na maandishi yanayoitwa vermagic, yaliyomo ndani ya kila moduli. Uyaone kwa amri `modinfo -F vermagic` ikifuatwa na jina la moduli. Kwenye Ubuntu utakuta kitu kama `5.15.0-91-generic SMP mod_unload modversions`. Yakitofautiana na ya kerneli inayotumika, upakiaji unakataliwa (penye modversions, namba ya toleo ya mwanzoni hairinganishwi, ila maneno yanayofuata) kwa ujumbe wa "Invalid module format", na `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, itakuonyesha maandishi yote mawili, ya moduli na yaliyotakiwa. Usome ujumbe wa `dmesg`, usiishie kwenye ule mfupi wa terminali.

Lakini vermagic haioni kila kitu. NR_CPUS haimo. Machaguo ya kukagua makufuli hayamo. Hayo yanalindwa na tabaka la pili, modversions: kwa kila funksheni inayotolewa kwa moduli, programu iitwayo genksyms hufuata aina zote za data zinazoingia na kutoka, ikaingia hadi ndani ya miundo, kisha ikakokotoa namba ya biti 32. Muundo ukibadilika, namba inabadilika, na moduli inakataliwa kwa ujumbe kwamba haikubaliani na toleo la simboli (jina lililotolewa na kerneli) fulani, mara nyingi `module_layout`. Ulinzi huu ni mzuri, ila una pengo: muundo uliotajwa kwa jina tu bila mwili wake kuonekana mahali funksheni ilipotolewa hauingii kwenye hesabu. Kwa hiyo namba kulingana ni dalili njema, si hati ya uhakika.

Sasa, `modprobe --force` hufanya nini? Huwaondoa walinzi wote wawili: maandishi ya vermagic na jedwali la namba za simboli. Hakirekebishwi chochote ndani ya moduli. Kerneli hujitia alama ya F, na ukisoma `/proc/sys/kernel/tainted` biti yenye thamani ya 2 itakuwa imewashwa. Kuanzia hapo watunzaji wa kerneli hawatapokea ripoti yako ya hitilafu, na wana haki. Mifumo iliyokompailiwa bila CONFIG_MODULE_FORCE_LOAD hukataa kabisa kulazimishwa. Uamuzi huo ni wa busara na tungependa uwe kila mahali.

Turudi kwenye kasi, kwa sababu hoja ya mwandishi wenu ilikuwa kwamba makufuli yasiyo na kazi yanapoteza muda kwenye mashine ya kiini kimoja. Kwa miaka ya Pentium 4 alikuwa na hoja nzito. Kwenye x86, amri inayosoma na kubadilisha kumbukumbu ya pamoja kwa mkupuo mmoja hutanguliwa na kiambishi cha lock, baiti moja yenye thamani ya F0 kwa heksadesimali, na kwenye Pentium 4 amri moja ya namna hiyo iliweza kula zaidi ya mizunguko 100 ya prosesa. Ndiyo sababu Red Hat Enterprise Linux 4 ilikuja na kerneli ya kawaida, ya smp na ya hugemem (ya kumbukumbu kubwa) kwa mashine za biti 32. Mtengenezaji wa kadi alilazimika kukompaili draiva yake mara tatu, kisha kurudia kwa kila sasisho. Wengi walikompaili moja, wakawaachia wateja kuhangaika.

Jibu lilipatikana mwaka 2006, kwenye toleo 2.6.17. Kerneli hukompailiwa mara moja kwa viini vingi, na mahali pa kila kiambishi cha lock panaandikwa kwenye sehemu maalumu ya faili iitwayo `.smp_locks`. Mashine ikiwaka na kukuta kiini kimoja tu, kerneli hupita kwenye orodha hiyo na kubadilisha kila F0 kuwa baiti isiyo na athari. Mwanzoni ilikuwa 90, baadaye ikawa 3E. Uzuri wenyewe, ambao makala yenu haikuugusa, ni kwamba moduli nazo hubeba sehemu yao ya `.smp_locks` na hufanyiwa hivyo hivyo zinapopakiwa. Faili moja ya moduli inatosha kwa mashine zote mbili, na vermagic inasema SMP kote. Anayekompaili kerneli ya kiini kimoja leo kwenye x86 anaokoa kumbukumbu kidogo na kupata kasi ambayo tayari alikuwa nayo, kisha anapoteza kila moduli iliyokompailiwa na msambazaji wake. Hiyo si biashara. Mwaka 2025, kwenye toleo 6.17, sehemu kuu ya kipanga ratiba cha Linux iliacha kabisa kuwa na msimbo wa pembeni wa mashine za prosesa moja.

Swali gumu zaidi ni la upande wa pili, kwenye mashine zenye viini vingi kweli: je, msimbo wa kufunga kufuli upachikwe ndani ya moduli yenyewe, au moduli iite funksheni iliyoko kwenye kerneli? Ukipachikwa, unaokoa mwito. Lakini umbo la kufuli limegandishwa ndani ya moduli, na siku kerneli ikibadilisha namna ya kufunga, moduli ya zamani itafungua kufuli kwa namna ambayo haipo tena. Linux yenyewe ilibadilisha makufuli haya mara mbili kwenye x86: mwaka 2008, toleo 2.6.25, yakawa ya tiketi (kila kiini huchukua namba ya zamu). Mwaka 2015, toleo 4.2, yakawa ya foleni. Moduli yenye ufunguaji wa tiketi ndani yake ikipakiwa kwa nguvu kwenye kerneli ya foleni itaongeza namba mahali ambapo kerneli inatarajia sifuri.

Windows NT na zile zilizofuata hadi XP zilichagua mwito. Kulikuwa na kerneli mbili, ya prosesa moja na ya nyingi, lakini draiva ilikuwa faili moja, kwa sababu ilimwita mwenyeji, yaani kerneli, afunge, na kila mwenyeji alikuwa na funksheni yake. FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, ilikwenda njia hiyo hiyo kwa moduli za i386 na amd64: kerneli yenyewe ilipachikiwa amri za atomiki (zisizokatizwa katikati) na njia ya haraka ya kufunga, moduli zikaita funksheni. Julai 2018, kabla ya FreeBSD 12, wakagawa jambo hilo vizuri. Amri za atomiki zilianza kupachikwa kwenye moduli pia. Makufuli yaliendelea kuitwa kwa funksheni, isipokuwa moduli imeandikiwa `MODULE_TIED=1` kwenye faili yake ya make, maana yake mwenyewe amekubali kwamba moduli hiyo imefungamana na kerneli moja na itakompailiwa upya pamoja nayo.

Kwa maoni yetu huo ndio mgawanyo sahihi. Mwito wa funksheni hugharimu mizunguko michache. Amri yenye lock kwenye prosesa za sasa hugharimu kama 20. Mstari wa kache unaohama kutoka kiini kimoja kwenda kingine hugharimu makumi ya nanosekunde, na ukivuka kutoka prosesa moja kwenda nyingine kwenye ubao wa soketi mbili huweza kupita nanosekunde 100, ambazo kwa gigahezi 3 ni mizunguko 300. Anayetafuta kasi kwa kuondoa mwito anapunguza kile kidogo na kuacha kile kikubwa. Tazama `perf top`, zana inayoonyesha muda wa prosesa unatumika wapi, wakati mzigo umepanda: kama `native_queued_spin_lock_slowpath` iko juu ya orodha, viini vinagombania kufuli moja, na hakuna upachikaji utakaokuokoa. Dawa ni kugawa data: kihesabio kimoja kwa kila kiini badala ya kimoja cha wote, foleni moja ya kadi ya mtandao kwa kila kiini, na usomaji usiohitaji kufuli pale data inaposomwa mara nyingi na kubadilishwa mara chache. `perf c2c` itakuonyesha pia vigezo viwili visivyohusiana vilivyokaa kwenye mstari mmoja wa kache na kunyang'anyana bure.

Tuseme pia juu ya moduli za zamani zinazokompailiwa upya, maana huko ndiko mafundi wenye nia njema wanakoanguka. Linux ilipoanza kuhudumia prosesa nyingi, toleo 2.0 la mwaka 1996, ilikuwa na Kufuli Kubwa moja kwa kerneli nzima. Kuliondoa kulichukua hadi mwaka 2011, toleo 2.6.39. Katikati ya safari hiyo draiva za zamani zilivumiliwa: kipengele cha `.ioctl` (njia ya programu kuipa draiva amri) kiliendelea kuitwa chini ya Kufuli Kubwa, na waliokuwa tayari walihamia `.unlocked_ioctl`. Kwenye 2.6.36, `.ioctl` ikafutwa. Fundi anayepewa draiva ya wakati huo hukuta haikompailiki, hubadilisha jina la kipengele, hutoa kigezo cha inode, huweka jibu la aina ya long, na inakompailika. Imekompailika bila kufuli lolote. Ulinzi ulikuwa kwa mwitaji, sasa haupo, na hakuna onyo la kompaila litakalomwambia.

Inatakiwa aongeze myuteksi (kufuli ambalo anayelingoja hulala) yake mwenyewe kwa kila kifaa. Asitumie kufuli la kuzunguka hapo, kwa sababu kunakili data kutoka kwa programu ya mtumiaji kunaweza kulala, na kulala ukiwa umeshika kufuli la kuzunguka hairuhusiwi. Aangalie pia tofauti mbili: Kufuli Kubwa liliweza kushikwa mara mbili na kazi ile ile, na lilijiachia lenyewe kazi ilipolala. Myuteksi haifanyi lolote kati ya hayo. Funksheni inayojiita tena kwa kupitia nyingine itajifungia milele. Na kama kishughulikia vikatizo nacho kinagusa data hiyo, sehemu hiyo inahitaji `spin_lock_irqsave`. Ukitumia `spin_lock` tupu, kikatizo kikija kwenye kiini kile kile kilichoshika kufuli, kiini kitazunguka kikijingoja chenyewe.

Kujaribu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kompaili kerneli ya majaribio yenye CONFIG_PROVE_LOCKING (mkaguzi wa matumizi ya makufuli), na kuanzia toleo 5.8 yenye KCSAN (mtambuzi wa migongano ya viini kwenye data) pia, kisha endesha kazi halisi ya kifaa kwenye viini vyote. Hitilafu ikionekana, washa mashine kwa `maxcpus=1` (kiini kimoja tu). Ikitoweka, shuku ufungaji kwanza. Usitumie `nosmp` kwa jaribio hili, kwa sababu huzima na kigawa vikatizo cha IO-APIC, na utakuwa umebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kwa msimamizi asiyeandika draiva, njia ni DKMS, mfumo unaokompaili moduli upya kwa kila kerneli mpya. Sakinisha `dkms` na `linux-headers-$(uname -r)`, na uhakikishe vichwa vya kerneli mpya vinakuja pamoja na kila sasisho. Vikikosekana, moduli haikompailiwi na utaligundua hilo baada ya kuwasha upya, seva ikiwa haina mtandao. Kabla ya kuwasha upya, endesha `dkms status`, na `modinfo -k` ikifuatwa na toleo jipya na jina la moduli. Ukikuta kushindwa, sababu iko kwenye `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms`. Draiva ya diski inahitaji hatua moja zaidi, `update-initramfs -u -k` na toleo husika, la sivyo faili ya zamani itabaki ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni mwa kuwasha) na ndiyo itakayopakiwa kwanza. Kwenye mashine yenye Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za kidijitali wakati wa kuwasha), ujumbe wa "Key was rejected by service" hauhusiani na utangamano wa makufuli. Ni suala la saini ya moduli, na hutatuliwa kwa `mokutil --import`.

Simu zilizo mikononi mwa wasomaji wenu zimekutana na jambo hili hili. Tangu Android 12 na kerneli 5.10, Google hutoa kerneli moja ya pamoja, na watengenezaji wa simu huleta moduli zao zinazoambatana nayo kwa kiolesura kilichogandishwa. Miundo imeachiwa nafasi tupu za akiba, ili marekebisho ya usalama yaongeze sehemu mpya bila kusogeza zilizopo. Kasi kidogo na kumbukumbu kidogo zimetolewa kwa hiari ili viraka viweze kufika.

Ombi letu la mwisho ni kwa wanaoandika zabuni za vifaa. Wekeni vipengele vinavyopimika: draiva iwe ndani ya kerneli rasmi ya Linux, au muuzaji akabidhi msimbo wake wote pamoja na faili ya `dkms.conf`, moduli ikompailiwe mbele ya mnunuzi kwenye kerneli ya msambazaji isiyobadilishwa, ipakiwe bila kulazimishwa, na biti ya F kwenye `/proc/sys/kernel/tainted` ibaki sifuri, ipimwe kwa saa 24 chini ya mzigo kwenye mashine yenye viini visivyopungua vinne. Faili ya `.ko` (moduli iliyokwisha kukompailiwa) pekee kwenye diski isipokelewe.

Wasomaji wenu,
Wasimamizi wa seva,
Dar es Salaam